Kamera Iliyolenga Nyuma ya Vitalia

Ukuta wa duka ungetosha. Hilo Emerensiana alikuja kulijua baadaye.

Siku hiyo, mwaka 2008, alisimama kwenye kaunta ya Masoudi pale Mbinga mjini akichagua kati ya kamera mbili za dijitali. Kwa miaka kumi alikuwa akipiga picha kwa kupenda tu, kwa kamera ya filamu: kahawa ikichanua, wanakwaya, mikono ya mama mkwe wake. Sasa filamu zilikuwa haziletwi tena. Kamera ya kwanza ilikuwa mpya, nyepesi kama kopo tupu. Ya pili ilikuwa imetumika, nzito, inajaa mkononi, na lenzi yake kubwa haikuwa na ukungu hata chembe. Ila ilinuka usipa, wale samaki wadogo wa ziwani, na ziwa liko mbali na Mbinga.

"Hiyo kubwa ijaribu ukutani, Mama Vitalia," Masoudi alisema bila kuinua macho.

"Ukuta hauna kope wala ngozi. Nitajuaje lenzi ni kali?" Akamgeukia bintiye wa miaka saba, mwenye sweta la kijani. "Vitalia, nitazame!"

Uso wa mtoto ulitoka umefifia. Gunia la mchele nyuma yake lilitoka kali, kila uzi unaonekana. Emerensiana akaona ni mkono wake haujazoea, akainunua.

Mkono haukuzoea. Kila alipompiga picha Vitalia, lenzi ilimruka ikalenga nyuma yake, mahali pasipo na kitu. Wiki ya kwanza, matofali. Ya pili, nyayo mbichi kwenye sakafu kavu. Ya tatu, kisigino. Ya nne alikuwa mtoto mzima wa kike aliyewapa mgongo, maji yakimchuruzika nywele, na sasa nyumba nzima, mito, uji, hata shingo ya Vitalia, ilinuka usipa.

"Mama," Vitalia alinong'ona, "usiniite jina ukiishika hiyo."

"Kwa nini?"

"Anajifunza kuitika."

Emerensiana alirudi dukani mbio. "Ulijua!"

"Aliyeileta ni mtu wa Lundo, kule ziwani. Alisema ndani yake mna jini la ziwa, linang'ang'ania uso wa kwanza litakaoonyeshwa." Masoudi alishusha sauti. "Nilikwambia ukutani."

"Hukuniambia sababu!"

"Ungenunua?"

Huko Lundo, mganga Bi Adija aliitikia shikamoo ya Emerensiana, akamsimamisha Vitalia ziwani, maji yanapogusa vifundo vya miguu, akawasha ubani.

"Nitaliita. Likikugeuzia uso kule nyuma, bonyeza, siyo kabla. Atakayekuwa nyuma ndiye atabaki humo kwenye kamera. Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia, bibi," Emerensiana alijibu.

Jua lilikuwa la utosi, na Emerensiana aliinua kamera, akamwona bintiye amefifia kama siku zote na yule mwingine nyuma yake akianza kugeuka polepole, sikio, shavu, pembe ya jicho, harufu ya usipa ikimjaa kooni, ubani ukimuuma macho, hata akapepesa mara moja tu, na alipofumbua, lenzi ililia, ikakamata mbele kwa mara ya kwanza, na uso wa Vitalia ukatokea mkali, kope kwa kope, uso aliousubiri mwezi mzima, na kidole chake cha mpiga picha kikabonyeza chenyewe.

Bi Adija alitazama kioo cha nyuma ya kamera. Akafunika chetezo cha ubani.

"Umewahi mno," alisema.

Nyuma kwenye picha, amefifia, alisimama mtoto mdogo mwenye sweta la kijani, mdomo wazi.

Aliyekuwa amesimama ndani ya maji akaja, akamshika Emerensiana mkono. Mkono ulikuwa baridi.

"Nimetoka vizuri, mama?"

Emerensiana akarudi naye, maana angemwacha wapi? Urbani, mumewe, husema mtoto ametulia siku hizi. Anaitika akiitwa mara moja.

Kila Jumapili Emerensiana huchaji betri, akapiga picha ukuta mtupu wa chumbani. Sweta la kijani bado linaonekana, ila kila wiki liko mbali kidogo zaidi.