Miadi Mpya Haifunguki

Kazija alikuwa na mtungo wa changu mkononi na kompyuta begani siku alipogongana na Ngwali mlangoni mwa soko la Chake Chake. Samaki wakamrukia yule kijana kwenye shati lake jeupe la uuguzi. Badala ya kukunja uso, Ngwali aliinama akawaokota, akasema sabuni anayo nyumbani, ila namba ya simu ya Kazija ndiyo asiyo nayo.

Kazija, binti wa mtaa wa Tibirinzi, kazi yake kutengeneza tovuti. Ngwali alihudumia wajawazito katika kliniki ndogo Mtambile. Baada ya miezi minne ya simu za kila alasiri, Kazija akajitolea kuitengenezea kliniki ile tovuti, ili akina mama waombe miadi wakiwa majumbani.

Haukupita muda tangu tovuti ianze kutumika, Ngwali akampigia kumweleza kuwa wanaobonyeza "miadi mpya" wanaambiwa ukurasa haupo. Kazija akajaribu kwenye kompyuta yake, ukafunguka. Akasema labda ni mtandao wa huko. Kesho yake Ngwali akarudia maneno yale yale, na Kazija, aliyeifanya kazi ile kwa moyo wake wote, akaona anadharauliwa.

"Kwangu inafunguka, Ngwali. Kama umenichoka, sema."

"Sijakuchoka. Nnasema haifunguki."

Kazija akakata simu. Siku sita hakupokea.

Siku ya saba ukaingia ujumbe. Bi Duni, mwenye mimba ya miezi minane, alijaribu mara tatu kuomba miadi, ikashindikana, akabaki nyumbani mpaka presha ikampanda. Sasa amelazwa kliniki na anaendelea vyema. "Sikulaumu," Ngwali alimalizia. "Nilitaka ujue tu."

Asubuhi ile ile Kazija akavaa baibui lake la kijivu, akaenda Mtambile. Akamwamkia Bi Duni kitandani, akamwomba simu yake, akabonyeza. Ukurasa haupo. Alipoisoma anuani juu ya kioo cha simu, iliyoishia na neno "mpya", akaelewa. Mwanzoni, njia ya kufungua miadi ya zamani kwa namba aliitanguliza mbele ya njia ya miadi mpya. Basi tovuti ikalichukua neno "mpya" kuwa ni namba, ikatafuta miadi yenye namba hiyo, isiione. Kosa hilo alikwisha kulirekebisha, ndiyo maana nakala iliyo katika kompyuta yake ilifunguka, lakini seva, kompyuta inayowapa watu tovuti, ilikuwa bado imeshikilia orodha ya zamani ya njia, naye akasahau kuifuta. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akafungua kompyuta, akaifuta. Bi Duni akabonyeza mwenyewe, fomu ikafunguka.

Ngwali alikuwa amesimama mlangoni. Kazija akamfuata ukumbini.

"Ulisema kweli," akamwambia. "Miye nikasikia dharau pasipo dharau. Nisamehe."

Ngwali akajibu kuwa naye alikosea: alisema kama anayetoa amri, wala hakumwambia jinsi alivyowahofia wagonjwa wake.

"Siku sita hizi zimenitosha, Kazija. Sitaki tena kuwa nawe kwa simu tu. Nimtume mzee wangu kwenu Tibirinzi?"

Kazija akauvuta ushungi, akatazama chini, uso umemwiva.

"Aje Ijumaa, baada ya sala. Baba huwa yupo."

Ngwali akarudi ndani kumpima Bi Duni presha. Mkanda wa kipimo akaufunga kinyume mara mbili, hata mama yule akamwambia akae kwanza apumue, yeye hana haraka.