Wimbo wa Kidole ni wa Nani?

Saa nne asubuhi, watoto ishirini na wawili wa chekechea walipokuwa wakiimba wimbo wa kidole, mwalimu wao alisikia sauti ya ishirini na tatu. Ilikuwa nzito, ya mtu mzima, na ilitoka nyuma ya kabati la madaftari.

*Kidole, kidole, umelala na nani?*
*Nimelala na mgeni, mgeni wa chumbani.*

Akachungulia. Hapakuwa na mtu, ila harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji.

Wimbo huo ulikuwa umeshamgombanisha na mpishi wa shule, aliyeapa kuwa ni wa bibi yake. "Acha uongo," mwalimu alimjibu. "Mama yangu aliutunga mwenyewe, kwa ajili yangu."

Mchana akaenda kwa mama, ubishi uishe. Dada yake mkubwa alikuwa sebuleni akimsuka binti yake.

"Wimbo gani?" dada akashangaa. "Mimi sijawahi kuimbiwa."

Mama, aliyekuwa ameketi kitini akikunja nguo, akasimamisha mikono.

"Mama, nani alikufundisha?" mwalimu akauliza.

"Jini," mama akanong'ona. "Dada yako alikuwa anakata roho. Nikawa bafuni nalia, sauti ikanijibu kutoka ndani ya ndoo. Ikasema, mwimbie huyu mdogo kila siku mpaka anizoee, mkubwa nitakuachia."

"Na bibi yake mpishi wetu wa shule, aliyeuimba pia, je?"

"Labda naye alikuwa na watoto wawili."

Mwalimu akakumbuka jioni zote alizolalia mapaja ya mama, akijiona kipenzi kuliko mwenzake, kumbe vidole vile vilivyompapasa kichwani vilikuwa vikimwandaa kwa mwingine, na sasa ile harufu ya majivu ilikuwa ikipanda kutoka sakafuni, ikampita magotini, ikampita kiunoni, ikasimama nyuma ya shingo yake na kuanza kupumua.

"Dada, nishike mkono."

Dada akamtazama, kisha akamtazama binti yake, nywele zimesukwa nusu. Akambeba mtoto, akakimbilia chumbani, akapiga komeo.

Mama akamfuata, akagonga. "Nifungulie na mimi, mwanangu."

Akafunguliwa. Komeo likapigwa tena.

Mwalimu akabaki peke yake sebuleni. Kiti alichokuwa amekalia mama kikatoa mlio polepole, kama kimepata mtu mzito.

"Pole, mwanangu," kikasema kilichokaa.