Dakika Mbili Nilizomwibia Mzee Alute

Mwaka 1973 nilikuwa darasa la sita, na nilikuwa mpiga kengele wa shule. Msidhani ilikuwa kazi ya mchezo. Kila asubuhi Mwalimu Melkizedeki, mwalimu wetu mkuu, alinivika saa yake mkononi, nami nikakaa karibu na dirisha nikichungulia mshale. Wakati ukifika nakimbia nje, nagonga ringi ya lori iliyoning'inizwa kwenye nguzo. Watoto wanatoka, na watu wa shamba la kijiji nao wanaweka majembe chini. Hata bibi yangu alisonga ugali kwa kengele yangu. Kiburi nilikuwa nacho, sikatai.

Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa kando ya Ziwa Kitangiri, huku Iramba. Tulilima mtama na kuvua perege na kambare, na kila mzee aliamini hakuna wa kumpita kwa kasia. Basi mwezi wa tano Katibu Tarafa akaleta habari: siku ya Saba Saba patakuwa na mashindano ya mitumbwi ya wazee. Watu sita kila mtumbwi, na kila mmoja awe ametimiza miaka hamsini. Kila kijiji kipeleke mtumbwi mmoja tu, na mshindi atapewa wavu mpya wa nailoni.

Vijana walicheka mpaka wakashika mbavu. "Wazee hao watapiga kasia au watapiga miayo?"

Wazee hawakucheka. Kabla ya wiki kwisha kulikuwa na vikosi viwili. Cha kwanza kiliongozwa na babu yangu, Mzee Mughwai, aliyenilea tangu nikiwa mdogo. Cha pili kiliongozwa na Mzee Alute, babu yake Alphonce, ambaye tulikaa naye dawati moja.

Mzee Alute alikuwa na miaka sitini na minne, mwembamba, maneno machache. Wiki ya kwanza hakuwaingiza watu wake majini kabisa. Aliwakalisha mchangani kwa mstari, kila mtu na kasia lake, wakajifunza kuvuta pamoja. Tuliwapita tukienda shule tukiwacheka kwamba wanavua mchanga. Baadaye wakaingia ziwani, wakavuta polepole, kasia refu, pumzi moja. Siku moja mazoezi, siku moja mapumziko. Pombe ya mtama aliwakataza hadi Saba Saba, na walinung'unika lakini walitii.

"Mwili wa mzee ni kama shamba la zamani," nilimsikia akiwaambia. "Ukililima kila siku bila kulipumzisha, litakunyima."

Babu yangu aliyasikia hayo akasonya. Yeye alikuwa mtu wa nguvu na kelele. Kikosi chake kilitoka ufukweni kwa kasi, nyimbo juu, maji yakiruka, halafu katikati ya ziwa wakaanza kutaniana. "Mimi nilishika kasia kabla huyo Alute hajajua kuogelea," alisema. Nilimpenda sana babu, na mbele yangu hakuna mtu angethubutu kusema kwamba Mzee Mughwai amezeeka.

Kikosi kipi kiende? Mtumbwi mwepesi wa kushindania ulikuwa mmoja tu, kwa hiyo wasingeweza kushindana wakiwa pamoja. Mwenyekiti wa kijiji akaamua kila kikosi kipimwe kwa saa, siku yake, kutoka ufukweni hadi mti uliosimikwa majini na kurudi. Umbali ulipimwa kwa kamba iliyotoka tarafani, sawasawa na ule wa Saba Saba.

"Na nani asome saa?" akauliza.

"Mpiga kengele," watu wakajibu. "Damari hakosei."

Siku ya kwanza nilisimama juu ya mwamba nikampima Mzee Alute. Dakika kumi na saba kamili. Walishuka mtumbwini wakihema lakini wamesimama wima.

Siku ya pili ilikuwa zamu ya babu. Waliondoka kama kawaida yao, mbio na kelele. Walipouzunguka ule mti niliona makasia yanaingia majini ovyo, huyu sasa, yule baadaye. Babu alifika ufukweni kichwa kimelala kifuani. Nilitazama saa: dakika kumi na nane na nusu. Nikamtazama babu. Aliinua uso wake akaniangalia pale juu ya mwamba, macho mekundu, mdomo wazi, akisubiri. Sikumbuki kufikiri chochote.

"Kumi na sita na nusu!" nikapiga kelele.

Wazee wale waliruka wakakumbatiana. Babu alilia machozi. Mzee Alute akapanda taratibu hadi pale niliposimama.

"Umesoma vizuri, Damari?"

"Ndiyo, babu."

Alinitazama kidogo. "Haya," akasema, akashuka.

Mwanamume yule hakuwa na kinyongo. Jioni alikuja nyumbani kwetu, akapokea kiti, akamwambia babu, "Mughwai, kijiji ni chetu sote. Nakushauri jambo moja. Msianze kwa kasi. Waacheni wengine watangulie, ninyi muwaze kurudi. Mkimaliza nguvu kwenye kwenda, kurudi kutawashinda."

Babu alicheka. "Alute, saa imesema sisi ndio wenye mwendo. Mwenye dakika kumi na saba atamfundisha nini mwenye kumi na sita?"

Mimi nilikuwa nachambua mlenda pale pale. Ningeweza kusema. Nilichambua mlenda.

Saba Saba ikafika. Mitumbwi mitano, bendera, ngoma, kipaza sauti. Babu na wenzake waliondoka mbele ya wote, kijiji chetu kikapagawa kwa vigelegele. Walifika kwenye mti wakiwa wa kwanza kabisa. Halafu, jamani, waliisha. Mtumbwi wa pili ukawapita, wa tatu, wa nne. Mzee mmoja aliliachia kasia lake likaelea. Walipofika ufukweni watu walikuwa wameshageuka kwenda kula nyama, na yule wa kipaza sauti akasema, "Wapeni wazee kiti, wametoka safari ndefu!" Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Babu alikaa chini kwenye tope asiinuke. Ndipo nikasikia matokeo. Mshindi: dakika kumi na saba na nusu. Mtumbwi wetu: ishirini.

Kumi na saba na nusu! Mzee Alute alikuwa amepiga kumi na saba. Nilimtafuta kwa macho katikati ya watu nikamwona, amesimama na kikosi chake, mikono nyuma. Alphonce alikuwa pembeni yake akilia kwa hasira.

"Dakika tatu na nusu zimepotelea wapi, Damari?" Alphonce aliniuliza njiani. "Kumi na sita na nusu, leo ishirini. Zimepotelea wapi?"

"Babu anaumwa," nikasema. Uongo ukishaanza, unazaa.

Na kweli babu akaanza kuumwa. Alilala siku tatu akitazama ukuta. "Mwili wangu umeharibika," alimwambia bibi. "Mtu hawezi kupoteza dakika tatu na nusu kwa mwezi mmoja. Kuna kitu kinanila ndani." Bibi alianza kulia na kutafuta nauli ya kumpeleka hospitali. Niliona babu yangu akijizika akiwa hai kwa sababu ya namba niliyoitunga mimi, na hapo nikashindwa.

"Babu," nikasema, "huumwi. Haikuwa kumi na sita na nusu. Ilikuwa kumi na nane na nusu. Nilidanganya."

Sijawahi kupigwa na babu, na siku ile hakunipiga. Ningefurahi kama angenipiga. Alimngoja bibi atoke nje. Kisha akavaa shati lake akasema, "Twende."

Mzee Alute tulimkuta anatengeneza wavu wa zamani. Nilipiga magoti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Sema."

Nikasema yote. Hakushangaa hata kidogo.

"Nilijua siku ile ile," alisema. "Nilikuwa ufukweni nikihesabu makasia yao. Lakini mzee mzima nisimame mbele ya kijiji nigombane na mtoto wa shule juu ya saa nisiyojua kuisoma? Wangesema Alute ana wivu. Nikanyamaza."

"Alute, nisamehe," babu yangu akasema, sauti ikimtoka kwa shida. "Ulikuja kunishauri nikakucheka."

"Wewe hukujua, Mughwai. Wewe nimekusamehe."

Mimi hakunitaja.

Katika mkutano wa kijiji nilisimama mbele ya watu wote nikarudia maneno yale. Mwalimu Melkizedeki alinivua saa pale pale akampa Alphonce, na kengele pia. Mwenyekiti akatangaza kwamba tangu siku hiyo vipimo vyote vitasomwa na watoto wawili, mmoja kutoka kila upande, na mwakani kikosi cha Mzee Alute kitakwenda bila kupingwa. Watu walipiga makofi. Nilidhani basi, deni limelipwa.

Mvua za mwaka ule zilikuwa kali. Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata Mzee Alute alianguka akibeba kuni, na bega lake la kulia halikupona tena. Hakuweza hata kuinua kata ya maji kwa mkono ule. Saba Saba ilipofika, watu wake walikwenda bila yeye, na kwa heshima walimwomba babu yangu akae nafasi yake. Safari hii babu alivuta polepole, kasia refu, pumzi moja. Wakashinda.

Nilikimbia njia nzima mpaka kwa Mzee Alute kabla ya mtu mwingine kumfikia. Nilitaka mimi ndiye nimpe habari.

"Babu! Tumeshinda! Wavu ni wetu!"

"Vizuri sana," alisema. "Kijiji kimepata wavu."

Alikuwa amekaa mlangoni, mkono wake umelala mapajani. Nilisubiri atabasamu.

"Babu, bado una hasira na mimi?"

"Hasira ya nini, mtoto? Kaa chini nikuambie, maana una maisha marefu mbele yako. Siku ile ulimhurumia babu yako. Huruma si mbaya. Lakini zile dakika ulizompa hazikuwa zako, zilikuwa zangu. Ukitaka kumwonea mtu huruma, toa kilicho chako." Akaligusa lile bega kwa mkono wa kushoto. "Alphonce ukimharibia mwaka wake, ataungoja mwingine. Mimi nilikuwa nimebakiwa na mmoja."

Nilianza kulia. Hakuninyamazisha.

"Usidanganye tena, Damari," akasema. "Sasa nenda kamwambie babu yako aje anisimulie walivyovuta."