Karatasi Zilizobanwa Mara Mbili

Sanduku la chuma lilikuwa wazi, na lakiri nyekundu iliyopaswa kulifunga ilikuwa vipandevipande sakafuni.

"Tumekwisha," alisema Karani, mikono kichwani. "Saa nne mtihani unaanza, na siri yote iko nje!"

Inspekta aliinama, akavaa glavu, akaokota kipande kimoja cha lakiri. Saa ya ukutani ilionyesha saa moja na robo. Nje ya dirisha watoto sitini na nne walikuwa wameshaanza kujaa uani, rula mikononi, wengine wakitembea huku na huku wakijisemea kanuni kama watu waliopagawa. Kila mmoja ameshinda shuleni kwake, na leo ndio leo: watakaofanya vizuri wanaingia timu ya taifa ya hisabati.

Kusema kweli, Inspekta hakuipenda kazi hii hata chembe. Kesi ya mwizi wa mabati ingemfurahisha zaidi. Mashindano ya hesabu aliwahi kuyafanya yeye mwenyewe akiwa na miaka kumi na sita, katika ukumbi huuhuu, akatoka na karatasi tupu na macho mekundu. Tangu siku ile aliamini kwamba kichwani mwake kuna sehemu haifanyi kazi, akaenda zake upolisi. Kilichobaki ni mazoea tu. Akiwaza jambo zito, kalamu yake huchora duara kwenye kijitabu na kulizungushia namba, moja mpaka tisa, kisha huzikata zote. Koplo wake alishazoea, hakuuliza tena.

"Karatasi zimebaki ngapi?" aliuliza.

"Zote, afande," alijibu Koplo aliyekuwa akihesabu kwa mara ya pili. "Sitini na nne. Haikupungua hata moja."

"Sasa kilichoibwa ni nini?"

"Siri!" Mwenyekiti wa mashindano aliingia akihema, tai imekaa upande. Alikuwa mwanamume mrefu mwenye haraka ya kudumu. "Na mwizi tunamjua. Ametuachia kitambulisho kabisa."

Alilibwaga mezani daftari lenye jalada la bluu. Lilikutwa kando ya sanduku, alisema, na jina la utani la mwenyewe limeandikwa juu kwa kalamu ya wino: Desimali. Alifungua ukurasa uliokunjwa kona. "Tazama hapa. Timu kumi na sita, mechi saba. Sasa soma swali la sita."

Inspekta alichukua karatasi moja ya mtihani. Swali la sita lilisema: timu kumi na sita zimeshiriki ligi, kila timu imecheza na timu nyingine saba tofauti. Jumla zimechezwa mechi ngapi? Tengeneza ratiba yake.

"Mlikuwa mmelisoma swali hili kabla ya leo?"

"Hakuna anayeyasoma maswali isipokuwa aliyeyatunga, Babu Kipeo. Amefundisha hesabu miaka arobaini. Ndivyo tunavyolinda siri," alisema Mwenyekiti. "Msichana huyu hafanyi mtihani. Nimeshamtoa kwenye orodha."

"Umeshamtoa? Basi mimi umeniitia nini?"

Inspekta alilichukua daftari, akaomba aletewe msichana.

*

Desimali alikuwa mdogo wa umbo, ndiyo maana ya jina lile, na sare yake ilikuwa imepigwa pasi mpaka inakata. Alikaa kwenye kiti cha chumba cha walimu, viganja chini ya mapaja.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, mwanangu. Daftari hili lako?"

"Langu."

"Limefikaje ofisini?"

"Nililisahau."

"Ofisini unakatazwa kuingia. Ulilisahauje mahali usipoingia?"

Macho ya mtoto yalienda dirishani. Kule uani, karibu na lango, mwanamume mmoja mwenye mikono iliyoingia mafuta ya baiskeli alikuwa amesimama peke yake, ameshika kalamu mbili mpya.

"Yule ni baba?"

"Ndiyo. Amefunga kibanda leo ili anilete. Mwakani nitakuwa nimepita umri, afande. Nikikosa leo, sirudi tena."

"Basi nisaidie nikusaidie. Nani ulimpa daftari?"

"Nililisahau," alirudia, na chozi likadondoka.

Inspekta alikuwa amehoji waongo wa kila aina kwa miaka ishirini. Huyu alidanganya vibaya sana. Na hakuwa anadanganya kwa ajili yake mwenyewe. Mtu anayejitetea huwa na maneno mengi kuliko hayo. Kuna mtu alikuwa anafichwa hapa.

"Haya, tuachane na hilo. Hizi timu na mechi umezitoa wapi?"

Hapo mtoto aliinua kichwa, na uso ukabadilika kabisa. "Kwenye kambi ya hesabu! Tulipewa swali la timu kumi na mbili, kila moja mechi tano. Mimi nikipewa swali, kwanza nalivunja. Nabadilisha namba mpaka likatae. Ukifungua ukurasa mzima utaona, ni jedwali."

Inspekta alifungua ukurasa mzima. Lo! Mwenyekiti alikuwa amemwonyesha kona tu. Jedwali lilijaa kurasa mbili: timu tatu mpaka ishirini, mechi mbili mpaka tisa, vyumba zaidi ya mia moja, vingine vimewekwa vema na vingine msalaba. Kumi na sita kwa saba ilikuwa humo kwa sababu kila kitu kilikuwa humo. Chumba kimoja tu kilikuwa na kitu cha ziada. Kumi na tano kwa saba kulikuwa na msalaba wa bluu wa mtoto, na juu yake mtu mwingine amezungushia penseli, mara nyingi, mpaka karatasi imekaribia kutoboka.

"Penseli hii ni yako?"

"Hapana," alisema Desimali haraka. Kisha akaziba mdomo kwa mkono.

*

"Afande, njoo uone." Koplo alikuwa amezipanga karatasi za mtihani mezani, zimejaa meza nzima. "Kila mtihani una karatasi nne zilizobanwa kwa pini. Tazama kona. Pini ni moja, matundu mawili mawili."

Inspekta aliinua moja juu ya mwanga. Kweli. Pini ya kwanza ilitolewa, ikapigwa mpya pembeni kidogo. Na karatasi ya tatu, yenye swali la sita, ilikuwa nyeupe kuliko zile nyingine.

"Zote ziko hivi?"

"Zote sitini na nne."

"Koplo, wewe ungetaka kuiba maswali, ungefungua mitihani mingapi?"

"Mmoja. Naunakili, narudisha, naondoka zangu."

"Huyu amefungua yote. Amekaa hapa na stepla, karatasi kwa karatasi, kama fundi. Huyu hakuja kuchukua kitu. Alikuja kuweka."

Saa ilikuwa mbili na nusu. Funguo za ofisi walikuwa nazo watu watatu: Mwenyekiti, Karani na Babu Kipeo. Mwenyekiti na Karani walilala kwa jamaa zao mjini na waliondoka jana saa kumi na moja, mlinzi wa lango aliwaona. Inspekta alichora duara lake, akaandika moja mpaka tisa, akazikata. Kisha akainuka, Koplo nyuma yake.

*

Babu Kipeo alikuwa maktaba, peke yake kwenye meza ndefu, mkoba wa ngozi miguuni. Chai yake ilikuwa imepoa, hajaigusa. Alisimama kwa heshima ingawa goti lilimgomea.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Mtoto yuko wapi? Wamemfanya nini?"

Swali la kwanza kabisa hilo. Inspekta alilitia akilini.

"Yupo, analia. Mwalimu, mimi na hesabu tuligombana zamani. Hebu nieleweshe hili swali la sita, nijue nalinda kitu gani."

Basi, mpe mwalimu mtu asiyeelewa, umemaliza kazi. Mzee alisahau kila kitu. Alivaa miwani, akaingiza mkono mkobani, akavuta karatasi kutoka kwenye bunda, akaigeuza upande mweupe na kuanza kuchora nukta kwa penseli.

"Kila mechi inataka timu mbili, sivyo? Timu kumi na sita, mara saba, mia moja na kumi na mbili. Lakini hapo kila mechi umeihesabu mara mbili. Gawa kwa mbili. Mechi hamsini na sita."

"Kumbe rahisi hivyo! Na timu zingekuwa kumi na tano?"

Penseli ilisimama.

"Mia moja na tano," alisema mzee polepole. "Nusu yake hamsini na mbili na... nusu."

"Mechi nusu ipo?"

"Haipo."

Inspekta aliivuta ile karatasi taratibu kutoka chini ya mkono wake, akaigeuza. Nyuma ilikuwa imepigwa chapa. Akasoma kwa sauti: "Swali la sita. Timu kumi na tano zimeshiriki ligi, kila timu imecheza na timu nyingine saba tofauti."

Koplo alifungua mkoba. Bunda zima lilikuwa humo, karatasi za zamani zenye swali la sita, na tatu kati yazo zilishajazwa hesabu upande wa nyuma.

"Mwalimu wangu," alisema Inspekta, "ushahidi kama huu watu huchoma."

Mzee alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Nichome karatasi yenye upande mweupe?"

Koplo aligeuka ukutani ili asicheke.

"Ulibadilisha lini?"

"Jana, baada ya wenzangu kuondoka. Nilichapa upya kwa mashine ya ofisini. Nilitaka kuziba upya, kijiti cha lakiri kikaniishia. Na daftari la mtoto, kwa kuchanganyikiwa kwangu, nikaliacha palepale."

"Alikupa saa ngapi?"

"Saa kumi. Alinikimbilia ukumbini amejaa furaha, anataka nione jedwali lake. Nami kanuni naijua: mitihani ikishafungwa, mtungaji hazungumzi na mshindani. Anayezungumza naye anatolewa. Nikasema nitazame mara moja tu." Alivua miwani. "Jicho likaangukia kumi na tano kwa saba. Msalaba. Moyo ulinilipuka. Nilitunga kwa timu kumi na sita, dakika ya mwisho nikabadilisha nikidhani nawabana kidogo, sikurudia kukokotoa. Miaka arobaini nawapigia watoto kelele: rudia hesabu, rudia hesabu!"

"Ungemwambia Mwenyekiti."

"Angeniuliza nimejuaje. Ningemtaja mtoto, naye angetolewa kwa kosa langu."

"Na leo walipomshika?"

Mzee alianza kulia bila sauti. "Nimefika mpaka mlango wa ofisi mara tatu. Miguu iligoma. Mimi ni mwoga, binti yangu. Kumbe yeye ananificha?"

"Mpaka sasa hivi. Ila kuna kitu bado sijakielewa. Swali moja likikosewa, linafutwa, watu wanaendelea na maisha. Kwa nini uvunje lakiri?"

"Kwa sababu liliwahi kunitokea, nikanyamaza." Alifuta uso kwa kiganja. "Miaka ishirini na saba iliyopita, humuhumu. Hakuna aliyegundua, nami sikusema, nililinda jina langu. Kulikuwa na msichana karibu na dirisha. Alilishikilia swali lile peke yake saa tatu nzima, akatoka analia. Nilipita nyuma ya kiti chake nikaona. Sikumwona tena katika mashindano. Niliapa sitamfanyia hivyo mtoto mwingine."

Inspekta aliweka mkono juu ya kijitabu chake. "Swali gani?"

"Panga namba kwenye duara, kila majirani wawili wakijumlishwa jibu liwe witiri. Inabidi shufwa na witiri zipishane, kwa hiyo idadi iwe shufwa: nilikusudia moja mpaka kumi. Mimi niliandika..."

"Tisa," alisema Inspekta.

Alifungua kijitabu chake na kukiweka mezani. Ukurasa baada ya ukurasa, maduara, namba tisa tisa, zote zimekatwa. Mzee aliyatazama, akamtazama yeye.

"Kiti cha dirishani," alisema Inspekta. Sauti yake haikuwa ya kiaskari hata kidogo. "Nilidhani ni mimi. Miaka yote hii nilidhani ni mimi!"

"Nisamehe, binti yangu. Haikuwa wewe. Haikuwa wewe kabisa."

Alitaka kukasirika, na alikuwa na haki zote. Lakini kilichomjia ni pumzi ndefu iliyotoka chini kabisa, na machozi, na kicheko juu ya machozi, mpaka Koplo akaingiwa na wasiwasi, akamsogezea kiti.

"Simama, mwalimu," alisema alipopata sauti. "Mlango wa ofisi, mara ya nne. Safari hii nakushika mkono."

*

Mwenyekiti alifoka, akakaa, akafoka tena. Mwishowe, saa ikiwa inakaribia nne, alikubali: swali la sita linafutwa, Karani anaandika ubaoni swali la akiba kutoka bahasha yake, Babu Kipeo anajiuzulu, na Desimali anarudishwa kwenye orodha.

"Na kanuni?" alinung'unika. "Alizungumza na mtungaji."

"Alimsahihisha mtungaji," alisema Inspekta. "Bila yeye, watoto sitini na nne wangekuwa wanatafuta nusu mechi. Jalada langu linasema hakuna kilichoibwa. Lako liseme nini?"

Mwenyekiti alinyoosha tai. "Aingie."

Baba mtu, alipoona binti yake anaitwa, alikimbia na zile kalamu mbili mpaka mlangoni, akampa zote.

Saa saba watoto walitoka, makelele matupu. Desimali alikuwa wa mwisho. Alimkuta Inspekta kwenye ngazi, kofia magotini.

"Vipi, mwanangu?"

"Nimemaliza yote, afande! La akiba lilinisumbua, lakini nililivunja." Akainama kutazama kijitabu. "Na hili?"

"Namba tisa kwenye duara. Kila majirani wawili wakijumlishwa iwe witiri."

Mtoto alilitazama kwa muda wa kupepesa macho tu. "Mbona haiwezekani? Ongeza kumi, zitakaa. Nani amekupa swali bovu hivi?"

Inspekta alicheka mpaka kofia ikaanguka. Alisogea pembeni, akapangusa vumbi la ngazi kwa kiganja ili mtoto akae, akampa kalamu.

"Nionyeshe hiyo kumi inavyokaa," alisema. "Polepole. Sina haraka tena."