Lango la Kwenye Kalenda

Walijuana kwa kukwaana. Fundi cherehani alikuwa anakatiza stendi kuu, vitambaa vimemjaa kwapani, gauni lake la maua ya njano likipepea, mara akamkanyaga mwanamume aliyelala kifudifudi katikati ya watu.

"Mungu wangu! Kaka, unaumwa?"

"Naupiga picha mnara wa saa, dada. Ila sasa mkono ndio unauma."

Alicheka mpaka vitambaa vikamdondoka. Tangu siku hiyo akambatiza Mlala Chini, naye akaitwa Fundi wangu, na simu zikawa haziishi.

Kumbe picha moja ya huyu bwana ilikuwa ukutani kwa fundi miaka yote bila yeye kujua. Juu ya cherehani palining'inia kalenda ya zamani yenye picha ya lango la wafalme, lile linalofundishwa shuleni: mawe meusi yamepaa hadi mawinguni. Kalenda ilishapitwa na wakati, picha hakuitoa. Mteja akimuudhi, alilitazama lango, akapumua.

Basi mpiga picha alipomtamkia ndoa, fundi hakuzunguka. "Nipeleke kwenye lango lako. Jibu nitakupa palepale."

Hapo visingizio vikaanza. Mara gari bovu, mara mvua, mara pamefungwa, wanakarabati.

"Mpenzi, kwani huko kuna nini?" fundi aliuliza kwenye simu.

"Hakuna kitu. Twende sinema bwana."

"Sitaki sinema!"

Shangazi yake aliyemlea alikuwa kando akishona vifungo, masikio ameyatega. "Mwanangu, mwanamume akikwepa mahali, pale pana mtu."

Maneno yakamwingia. Jumamosi alivaa lile gauni la maua ya njano, akapanda basi peke yake. Njia nzima alimwona kichwani huyo mwanamke: mrefu, meno meupe, anauza tiketi langoni.

Muuza tiketi alikuwa mzee mwenye kikohozi. Alipoulizwa lango liko wapi, alionyesha kwa kidevu. "Si hilo hapo nyuma yako!"

Aligeuka. Loo! Lango lilikuwa limebanwa kati ya duka la simu na choo cha kulipia, limezungushiwa kamba. Mlango wa duka lake la ushonaji ulikuwa mrefu zaidi. Yaani miaka yote ile alikuwa anakitazama hiki? Machozi yakamlenga, akatoa simu.

"Uko wapi?"

"Kazini, Fundi wangu."

Sauti ilitoka simuni, ikatoka pia chini, upande wa pili wa kamba. Alichungulia, akaona soli za viatu anavyovijua.

"Amka, Mlala Chini."

Mpiga picha aliruka, vumbi tumbo zima, kifungo cha shati kimekatika.

"Kumbe ndilo hili," alisema fundi.

"Ndilo. Ukilala chini, kitu kinakua. Na mtu humweki kwenye picha, maana mtu ndiye anayeumbua kimo. Wenye kalenda ndivyo wanavyotaka, hata hii ya mwaka ujao."

"Sikuulizi habari zao! Mimi ulinizungusha hadi nikadhani una mwanamke."

"Niliogopa." Hakumtazama usoni. "Lango hili ulilipenda kabla yangu. Nikasema ukiliona lilivyo, utanigeukia na mimi, unione nilivyo mdogo."

Hasira ilikuwa bado ipo. Lakini alimwamini, na hilo nalo lilimkasirisha. Akavuta pumzi, kisha akalala kifudifudi pale vumbini, gauni na yote. Kutoka chini lango lilipaa tena, jeusi, hadi mawinguni. Lilikuwa zuri kweli.

"Hujanidanganya sana," alisema akijikung'uta. "Lakini mimi siwezi kuishi nimelala kifudifudi, bwana."

Akapita chini ya kamba.

"Dada, kamba hiyo!" mzee alifoka.

"Nakuja sasa hivi, babu!" Alisimama katikati ya lango, kichwa kikikaribia kugusa jiwe la juu. "Nipige hapa. Wewe ukiwa umesimama."

Mpiga picha alipiga. Kwenye kioo cha kamera lango lilikuwa dogo, na fundi mle ndani amelijaza.

"Hiyo ndiyo nitatundika," alisema fundi.

"Na jibu langu?"

Alifungua mkoba, akatoa sindano na uzi.

"Njoo nikushikize kifungo. Mume wangu hatembei tumbo wazi."