Nati Tisa za Boriti ya Tatu

Kila asubuhi kabla ya shule, binti alimfunga babu yake kamba za viatu vya kazi, maana magoti ya mzee hayakukubali tena kuinama. Babu alikuwa amesimamia ujenzi wa madaraja kwa miaka thelathini na minne. Mafundi walimwita Babu Nyundo: kila nati aliigonga kwa nyundo ndogo, akasikiliza. Iliyokazwa vizuri hulia kama kengele. Iliyolegea hutoa sauti butu.

Leo ilikuwa siku yake ya mwisho. Alistaafishwa mapema kwa sababu msaidizi wake, ambaye mzee mwenyewe alimfundisha tangu hajui kushika spana, alikwenda ofisini kusema kwamba masikio ya mzee yamekufa. Sasa cheo kilikuwa chake.

Binti alimwekea msaidizi huyo kinyongo. Jioni iliyotangulia alichana ukurasa wa daftari la makabidhiano la babu, ule ulioorodhesha nati tisa za boriti ya tatu zilizolegea, zilizosubiri kukazwa kwa spana kubwa. Mkaguzi angezikuta Jumatatu, na bosi mpya angeumbuka mbele ya watu. Asubuhi hii alimimina chai huku akitabasamu.

Babu akasema, akipuliza kikombe, kwamba malori ya kokoto yangeanza kupita darajani mchana huo.

Tabasamu likamkauka. Alitoa ukurasa kwenye mkoba. "Babu, nilitaka aaibike."

Mzee aliusoma, akaweka kikombe chini. "Hata mimi nataka. Twende. Shule utachelewa, na sababu utaieleza mwenyewe."

Darajani, binti alimkabidhi msaidizi ukurasa na kukiri kosa lake. Msaidizi alicheka. Nati zote alizigonga mwenyewe, alisema, ni nzima. Mzee anasikia vya kwake.

Babu akampa nyundo, akageuka, akampa mgongo mbele ya mafundi wote. "Gonga, kijana wangu. Moja moja."

Nyundo ikalia. Ikalia tena. Kisha ikatoa sauti butu.

"Hiyo," akasema babu. Fundi akatia spana, nati ikazunguka. "Na hiyo."

Zikafika tisa. Fundi mmoja akamuuliza msaidizi masikio yake yanastaafu lini. Malori yalisubiri hadi nati ya mwisho ilipokazwa.

Jioni, baada ya shule, wakirudi nyumbani pamoja, binti aliuliza kama sasa amemsamehe msaidizi.

"Bado," babu akajibu. "Lakini sikiliza. Mtu akikukosea, mfuate yeye, tena kwa ukweli. Daraja usiliguse. Dereva wa lori hajakukosea."

Walipofika nyumbani babu alikaa kizingitini, akanyoosha miguu ili afunguliwe kamba.