Miche Iliyolala

Jumapili, tarehe 25 Januari 1998, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Manyunyu yalikuwa yakianguka Guangzhou, kusini mwa Uchina, tangu alfajiri, na baridi ya nyuzi tisa, ambayo kwa mtu aliyefunga huhisiwa kama nyuzi mbili, ilikuwa imempenya Haidar Mwadini hadi kwenye goti lake bovu. Alikuwa wakala wa mizigo, mzaliwa wa Ilala, umri wake arobaini kasoro mwaka. Na katika kumi hilo la mwisho la Ramadhani alikuwa na uchovu ambao usingizi hauuondoi. Alichoka kontena, alichoka kubishania bei, alichoka kufuturu peke yake katika chumba chake cha Sanyuanli.

Njia ya mkato ilimwingiza katika soko la maua. Kila unapokaribia Mwaka Mpya wao, Wachina hufunga barabara nzima na kuijaza michungwa ya vyungu, matawi ya mpichi na, zaidi ya vyote, mudan: ua pana kama sahani, lenye petali zilizosongamana kama watu msibani. Kwetu kila mtu amekula wali juu ya ua hilo. Limechorwa kwenye masinia ya bati na chupa za chai za kila nyumba kutoka Tanga hadi Kigoma. Tunaliita waridi, na tunadhani mchoraji alilibuni tu.

“Ya Rabi, mzee huyu ananiona nimekuja na begi la ujinga!”

Kiswahili hicho kilimsimamisha Haidar. Msemaji, aliyekuwa akibishana na mzee muuza maua, alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, ndani ya koti zito la kijani la askari, yale yanayouzwa barabarani, lililomfika karibu na vifundo. Chini ya koti lilichungulia pindo la baibui, na kichwani alikuwa na mtandio wa rangi ya bizari, uliofungwa kwa uangalifu wa mtu asiyekubali mvua imvunjie heshima.

“Si hivyo, dada,” Haidar alisema. “Anaona koti jipya. Hapa bei hufuata koti.”

Mwanamke aligeuka, macho yakamng’aa. “Alhamdulillahi, mtu wa nyumbani! Kaka, mwambie sitaki hizi nyekundu. Nyekundu ninazo kwenye sinia la mama yangu.”

“Wataka rangi gani?”

“Kijani. Na nyeusi.”

“Ua la kijani ni jani, dada yangu.”

“Na mwanamume asiyejua kitu ni mwalimu. Muulize tu.”

Haidar aliuliza, akitarajia kicheko. Muuzaji, mzee wa kutoka Heze, mji wa kaskazini unaolima mudan, hakucheka. Aliinama nyuma ya meza, akatoa kwenye kreti fungu lililoviringwa kwa majani makavu ya mpunga. Ndani mlikuwa na miche sita: vijiti vya kahawia, vikavu, visivyo na jani hata moja, na mizizi minene kama vidole vya mkulima. Mitatu, alisema, ni Kijani cha Maharage. Mitatu ni Joka Jeusi Lililolala katika Bwawa la Wino. Hizi nyekundu zimepashwa moto ili zichanue kwa sikukuu, na kuchanua huko kumezimaliza nguvu. Aina adimu hazikubali kuharakishwa. Hulala, hutaka baridi, na ua lake huonekana mwaka wa tatu.

“Mwaka wa tatu!” Haidar alitafsiri kwa karaha. “Dada, hizi ni kuni. Mimi nina kanuni moja katika mji huu: sinunui mzigo ambao jicho langu halijauona.”

“Hata mke?”

“Nini?”

“Nauliza tu, Bwana Mkaguzi.” Alichukua mche mmoja, akaukwaruza gome kwa ukucha. Chini ya kahawia palitokea mstari wa kijani kibichi. “Umeona? Uko hai. Umelala tu.”

Alilipa. Jina lake lilikuwa Muzdalifa, Msambaa wa Lushoto, mnunuzi wa vitambaa. Jua lilipotua nyuma ya mawingu alimpa Haidar tende kutoka mfuko wa lile koti, akammiminia chai kutoka chupa yenye ua jekundu ubavuni, na wakafuturu wamesimama kati ya vyungu, huku mzee wa Heze akiwatazama kama watu wanaofanya jambo la busara.

“Ninajenga nyumba Lushoto,” alisema, akipulizia chai. “Asubuhi za Juni umande wetu huganda, maua haya yatapata baridi yao. Nilikuwa na mume kwa miaka tisa. Alinichagulia mapazia, vyombo, marafiki, hata rangi ya mlango. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa akinisaidia. Siku niliyotoka kwake nilisimama dukani nusu saa nashindwa kusema nataka sabuni gani.” Alicheka, lakini kicheko hakikufika machoni. “Basi bustani ile nitachagua mimi, kila shina. Na iwe na maua ambayo hayamo kwenye sinia la mtu yeyote.”

Haidar alijikuta amesahau goti.

Chumba alichopanga Muzdalifa katika nyumba ya wageni kilikuwa na wanawake wanne na jiko la umeme lisilozimwa. Stoo ya Haidar, kinyume chake, ilikuwa baridi kama kaburi.

“Nikuachie amana?” Muzdalifa aliuliza. “Mpaka viwanda vifunguliwe na cheti cha afya ya mimea kitoke?”

“Niachie.”

“Amana, kaka Haidar. Si mzigo.”

“Nimesikia.”

Alikuwa amesikia, lakini hakuwa ameelewa.

Kesho yake simu ya mkononi ya Haidar, nzito kama tofali, ililia kabla ya adhuhuri.

“Wageni wangu wameamkaje?”

“Wamelala kama wavivu wa Kariakoo.”

“Usiwasumbue. Na wewe umeamkaje?”

Ilikuwa miaka mingi tangu mtu amuulize Haidar swali hilo bila kufuatisha swali la kontena. Alikaa na simu sikioni hata baada ya upande wa pili kukatika.

Mapenzi, yakimwingia mtu wa kanuni, humfanya mtumishi mkali zaidi wa kanuni hizo. Jumanne, siku ya mwisho ya soko, Haidar alifungua lile fungu na kulikagua kama alivyokagua mizigo yote. Aliona vijiti. Mche mmoja aliuvunja ncha. Ulikatika kwa sauti kavu. Kazi yake aliijua: wakala mwema akigundua mali mbovu huirudisha kwa muuzaji na kuibadilisha kabla mwenyewe hajajua, na mwenyewe humshukuru baadaye. Hivyo ndivyo alivyojenga jina lake. Viatu, pasi, vyerehani, vyote aliwahi kubadilisha hivyo. Ukucha hakuutumia.

Alifika sokoni wakati wauzaji wakijiandaa kuyavunjavunja maua yaliyobaki, kwani desturi yao ni kwamba ua lisilouzwa halitolewi bure.

“Haijafa,” mzee wa Heze alimwambia. “Imelala.”

“Hata maiti husemwa amelala,” Haidar alijibu, kwa sauti ya kiranja. “Nibadilishie.”

Mzee alichukua miche yake, akampa vyungu vitatu vya mudan nyekundu zilizochanua hadi mwisho.

Siku ya Idi, baada ya sala, Haidar alivipeleka kwa teksi. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi, na koti juu yake, na alinukia udi. Muzdalifa aliteremka hadi mapokezi ya nyumba ya wageni, amevaa dera la zambarau lenye nakshi za fedha shingoni, hina mbichi viganjani, uso umekunjuka kwa furaha ya sikukuu. Mama mwenye nyumba, Mchina, alipunguza sauti ya televisheni ili aone vizuri.

“Idi mubaraka, Bwana Mkaguzi! Mbona umejipamba hivyo, unaposwa?”

“Idi mubaraka. Nimekuletea zawadi.”

Aliviona vyungu. Akatabasamu kwa adabu. “Mazuri. Ya chupa ya chai. Na wageni wangu je?”

“Ndiyo hayo. Vile vijiti vilikuwa vimekufa, nimekubadilishia. Hukupoteza kitu.”

Muzdalifa hakupandisha sauti. Ilikuwa heri angepandisha. “Umebadilisha.”

“Nilikagua. Muzdalifa, sikutaka usafiri na kuni.”

“Uliukwaruza hata mmoja?”

Haidar alivitazama vyungu.

“Simu ulikuwa nayo?”

“Nilikuwa nayo.”

“Nambari yangu hapa unaijua?”

“Naijua. Nilitaka kukusaidia.”

“Ee, hilo neno.” Aliketi kwenye kiti cha plastiki. “Nimevuka bahari kulikimbia, nimelikuta limenitangulia. Chukua maua yako, kaka. Nimechoka. Nimechoka kusaidiwa.”

“Muzdalifa, laazizi...”

“Laazizi humtunzia mtu amana yake. Nenda.”

Kwa siku tatu kiburi kilimweka Haidar chumbani. Alijiambia kwamba wanawake hawana shukrani. Kwamba kanuni ni kanuni. Vyungu vitatu vilikaa dirishani, na siku ya pili petali zikaanza kuanguka, moja moja kwanza, kisha kwa mafungu, kwa sauti ndogo kama ya mtu anayeweka karata mezani. Siku ya tatu yalibaki mabua.

Séverin, jirani yake, mfanyabiashara wa Lubumbashi asiyejua kubisha hodi, aliingia akayatazama.

“Mon vieux, ni kilio gani hiki?”

Haidar alimsimulia. Séverin alisikiliza akimenya chungwa.

“Ulimuuliza kwanza?”

“Nilimsaidia.”

“Sikukuuliza ile. Ulimuuliza?”

“Hapana.”

“Voilà. Ulikuwa agent wa mwanamke ambaye hakukupatia kazi.” Alimpa nusu ya chungwa. “Kula. Umekonda.”

Baada ya Séverin kuondoka, Haidar alishuka stoo. Kreti tupu alilopewa na mzee wa Heze abebee vyungu lilikuwa pale pale. Ubavuni palikuwa pamechapwa jina la kijiji cha mzee. Sakafuni kilibaki kile kipande cha ncha alichokivunja. Alikiokota, akakikwaruza kwa ukucha. Hata wakati ule, baada ya siku zote hizo, ndani palikuwa na uzi mwembamba wa kijani.

Mwislamu aliyesoma madrasa yoyote anajua hukumu ya amana. Aliyeibadilisha bila idhini ameiharibu, hata kama ameibadilisha kwa dhahabu, na deni lake haliondolewi na nia njema. Haidar alifunga ofisi, akapanda treni ya kaskazini.

Simu ililia katika nyumba ya wageni siku chache baadaye. Mama mwenye nyumba alipiga kelele ngazini hadi Muzdalifa akateremka.

“Halo? Nani?”

“Mimi Haidar.”

“Haidar gani?”

Upepo ulivuma kwenye waya. “Yule mharibifu wa amana.”

“Mbona unasikika kama uko kisimani?”

“Niko Heze. Kuna theluji. Sikupigii kujitetea, najua sina hoja. Nauliza. Mzee anayo Kijani cha Maharage na anayo Joka Jeusi. Ile yako hasa ameshairudisha ardhini, iking’olewa tena itaumia. Anayo mingine ya shamba hilo hilo. Unaitaka, au unataka pesa zako? Uchaguzi ni wako.”

Muzdalifa aliegemea ukuta. Televisheni ilikuwa ikionyesha watu wenye furaha.

“Umekwenda mpaka huko kuniuliza swali?”

“Nilipaswa kuliuliza kwa simu siku ile. Lingekuwa rahisi zaidi.”

Alitaka kucheka, akajizuia. “Naitaka miche. Mitatu kwa mitatu. Usiongeze, usipunguze.”

“Sitaongeza.”

Haidar alirudi siku ya Sikukuu ya Taa, ya kumi na tano ya Mwaka Mpya wao, mchana, akiwa amesimama ndani ya treni karibu njia nzima, maana Uchina yote ilikuwa ikirejea kusini viwandani. Kanzu ya Idi isingemtambua: ndevu hazikuchongwa, macho mekundu, koti lina tope la shamba la watu. Chini ya mkono alibana fungu la majani ya mpunga. Muzdalifa alikuwa amekaa mapokezi, koti la askari mabegani, sampuli za vitambaa vya soko la Zhongda mapajani. Alimtazama tangu mlangoni, akasogeza kiti kwa mguu.

“Keti kabla hujaanguka.”

Akammiminia chai kutoka chupa ile ile. Haidar alikunywa nusu kikombe, akaweka chini.

“Muzdalifa, njia nzima nimekuwa nikipanga maneno. Mimi nimekuwa peke yangu muda mrefu, na nilidhani kumpenda mtu ni kumwondolea...”

“Ngoja.” Aliinua kiganja; hina ilikuwa imeanza kufifia. “Mwenye deni haposi, kaka Haidar. Lipa kwanza.”

Haidar alifungua fungu, akaiweka miche mezani, mmoja baada ya mwingine. Vijiti vya kahawia. Visivyo na jani.

“Umeyaona maua yake?”

“Sikuona hata petali. Theluji ilikuwa imefunika shamba.”

“Basi umejuaje kama hii ni kijani na hii ni nyeusi?”

“Sijui. Mzee amesema. Nimemwamini.”

Hapo Muzdalifa alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyechoka, na safari hii kilifika machoni. “Na ndiyo hii tu?”

“Alinipa na mche wa saba, bure. Aina ya Dada Wawili: shina moja, maua ya rangi mbili. Nimeuacha. Ulisema nisiongeze, na deni halilipwi kwa chambo.”

Muzdalifa aliinama juu ya meza, akauchukua mche wa kwanza, akaukwaruza kwa ukucha: kijani. Wa pili: kijani. Alikwenda polepole, bila kuruka hata mmoja, na Haidar, ambaye maishani mwake alikuwa amekagua mizigo ya watu wote, alikaa mikono magotini akikaguliwa. Mche wa mwisho aliugeuza mara mbili penye mwanga wa dirisha kabla ya kuukwaruza. Kijani.

Aliuweka pamoja na wenzake, akaifunika yote kwa majani yake, akafunga kamba.

“Nimepokea amana yangu yote,” alisema. “Sikudai.”

Kisha akamjazia kikombe hadi ukingoni, akakisukuma upande wake wa meza.

“Sasa sema ulilokuwa ukisema.”